Kaske ya mtoto wa shule: tutafute sauti ya mwalimu, si kishindo cha ngoma



Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho kimeingia katika nyumba zetu bila kuomba ruhusa: kaske ya kusikilizia telefoni. Zamani tuliiona kwenye vichwa vya vijana wa muziki tu. Leo mtoto wa darasa la sita anaiomba kwa ajili ya masomo. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, Radio Okapi ilipeleka masomo hewani, na walimu wengi wakaanza kutuma mafunzo ya sauti kwa telefoni. Shule zilifunguliwa tena, lakini desturi hiyo ilibaki. Mtoto anarudia imla kwa telefoni. Anayejitayarisha kwa Egzame ya Taifa anasikiliza maelezo ya fizikia usiku, wakati wadogo zake wamelala.

Basi mama anachukua pesa yake ya likelemba na kwenda sokoni. Muuzaji anamwekea kaske kumi mbele yake, zote zinang'aa. Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba kaske ina besi nzito. Muuzaji anafungulia wimbo, ngoma inapiga hadi mifupa ya kichwa inatetemeka, na mama anasema: ndiyo hii. Jioni mtoto anafungua somo lake na maneno hayasikiki vizuri. Anapandisha sauti. Bado. Anapandisha mpaka mwisho. Hapo pesa imekwisha kwenda, na sikio nalo linaanza kufuata.

Neno letu la leo ni moja: kwa mtoto anayesoma, tutafute kaske inayofunika sikio lote, iliyofungwa kwa nyuma, na inayotanguliza sauti za kati. Tutaeleza kwa nini, kisha tutaona namna ya kuitambua sokoni bila kuwa fundi.

Sauti ya mtu inakaa katikati

Kila sauti ni mtetemo. Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde moja, tunasikia sauti nzito, kama ngoma kubwa au ngurumo ya lori. Ikiwa mingi sana, tunasikia sauti kali, kama filimbi au mlio wa mbu. Mafundi wanaihesabu kwa kipimo kinachoitwa Hertz. Sikio zima la mtoto linaweza kusikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde mpaka karibu 20,000.

Lakini mwanadamu haongei katika nafasi hiyo yote. Sehemu kubwa ya maneno yetu inakaa katikati, kati ya mitetemo 300 na 4,000 hivi. Wale waliotengeneza telefoni za waya walijua jambo hili. Telefoni hizo zilipitisha mitetemo kuanzia 300 hivi mpaka 3,400 tu. Za chini na za juu zaidi ziliachwa. Hata hivyo watu walitambuana, waligombana na kupatana kwa telefoni hizo, na maneno yalifika.

Tena Mungu ameliumba sikio lenyewe hivyo. Njia ya sikio, ile inayoelekea ndani kwenye ngoma ya sikio, inazikuza zaidi sauti za mitetemo karibu na 3,000. Hapo ndipo tunaposikia kwa urahisi kuliko mahali pengine. Kilio cha mtoto mchanga kina nguvu nyingi katika eneo hilo la kati. Ndiyo maana kinatuamsha hata kama redio ya jirani inapiga.

Sasa tusikilize maneno yenyewe. Irabu, yaani a, e, i, o, u, ndizo zinazobeba nguvu ya sauti. Konsonanti, kama p, t, k, s na f, ni dhaifu zaidi, lakini ndizo zinazotofautisha neno na neno. Taka, paka na kaka zinatofautiana kwa konsonanti moja ya kwanza. Katika Kifaransa mtoto anakutana na poisson na poison: moja ni samaki, nyingine ni sumu. Asiyesikia konsonanti vizuri atasikia kwamba mwalimu anaongea, lakini hatajua amesema nini. Nguvu ya konsonanti nyingi inapatikana katika sehemu ya juu ya sauti za kati na kupanda kidogo. Kaske ikizizima sehemu hizo, imla inageuka kuwa kubahatisha.

Besi inavyomeza maneno

Kaske nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa kuinua mambo mawili: besi chini na mng'aro juu. Katikati panaachwa kama bonde. Ukisikiliza wimbo kwa dakika moja sokoni, unafurahi, kwa sababu kichwa kinajaa. Lakini katika bonde lile ndimo sauti ya mwalimu inamokaa.

Kuna jambo lingine ambalo wachunguzi wa masikio wanalijua vizuri: sauti nzito ikiwa na nguvu, inafunika sauti zilizo juu yake. Wamama tunalijua bila kitabu. Mashine ya kusaga unga ikiunguruma, unaona mdomo wa jirani unacheza lakini maneno hayafiki. Ndani ya kaske yenye besi nyingi inakuwa vivyo hivyo. Kishindo kidogo tu cha meza iliyoguswa wakati mwalimu anajirekodi, au mvumo wa upepo kwenye telefoni yake, kinakuzwa na kuyafunika maneno.

Mtoto anafanya nini? Anapandisha sauti. Anapoipandisha, besi nayo inapanda pamoja na maneno, kwa hiyo hapati uwazi zaidi, anapata tu kelele zaidi. Kumbe kaske inayotanguliza sauti za kati inamruhusu kuteremsha, kwa sababu maneno yanafika kwanza.

Tuseme pia kwamba kila kitu kina kipimo chake. Kuna kaske ambazo sauti za kati zimesukumwa mbele kupita kiasi. Ukiisikiliza moja, mtu anakuwa kama anaongea puani au ndani ya kopo tupu, na baada ya nusu saa unachoka. Tunayoitafuta ni ile ambayo msemaji anaonekana amekaa mbele yako na kuongea kwa sauti yake ya kawaida.

Nyuma iliyofungwa na nyuma iliyo wazi

Kwa kaske zinazofunika sikio, tazama upande wa nje wa kila kikombe. Ukiona matundu au wavu unaopitisha hewa, mara nyingi hiyo ni kaske ya nyuma wazi. Wapenda muziki wanaipenda katika chumba kimya, kwa kuwa sauti yake inapumua. Lakini inapitisha sauti pande zote mbili: makelele ya nje yanaingia, na somo la mtoto linatoka nje na kusumbua wanaolala.

Kaske ya nyuma iliyofungwa ina kikombe kizima, bila wavu. Hiyo inapunguza makelele yanayoingia. Watu wa redio na wapiga picha za habari wanafanya kazi na aina hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Sony MDR-7506 iliyotoka mwaka 1991 na Sennheiser HD 25 iliyotoka mwaka 1988, zote mbili ni za nyuma iliyofungwa, na bado zinaonekana studioni. Hatusemi mama akanunue hizo. Ni vyombo vya kazi, na bei yake ni ya kazi. Tunazitaja ili tuone kwamba mtu ambaye mkate wake unategemea kusikia maneno anachagua kikombe kilichofungwa.

Katika nyumba zetu jambo hili ni la lazima. Ua moja lina familia nne. Kuna grupu ya umeme ya jirani, kuna kanisa la jioni, kuna baa kwenye kona. Mtoto mwenye kaske inayopitisha makelele atashindana nayo kwa kupandisha sauti. Anayefunikwa vizuri hana sababu ya kushindana.

Lakini tusidanganyane. Kikombe kilichofungwa kinazuia vizuri zaidi sauti kali na zile za kati kuliko sauti nzito. Maongezi ya watu na vyombo vya jikoni vitapungua sana, ila mngurumo wa grupu utapita kwa sehemu. Kwa huo dawa ni kumhamisha mtoto upande mwingine wa nyumba.

Vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio, ambavyo wengi wetu tunaviita ekutere, si vibaya vyote. Ila vinaanguka, vinapotea, vinabeba uchafu kutoka sikio hadi sikio, na vile visivyoziba vizuri vinapitisha makelele yote. Kwa mtoto, kaske ya kufunika sikio ni rahisi zaidi kuichunga na kuisafisha.

Namna ya kuijaribu sokoni

Usiende na masikio matupu. Nyumbani, mwombe mtu asome kwa sauti dakika mbili, umrekodi kwenye telefoni yako. Asome orodha ya maneno yanayofanana: taka, paka, kaka, pata, kata, kisha sentensi chache za Kifaransa kutoka kitabu cha mtoto. Ukiwa na somo la sauti kutoka kwa mwalimu, litumie hilo hilo. Kisha nenda na mtoto mwenyewe.

Kwanza, weka sauti ya telefoni katikati, usizidishe. Mvalishe mtoto kaske palepale katika makelele ya soko, umwambie arudie kila neno analolisikia. Akichanganya paka na taka, rudisha kaske hiyo. Soko lenyewe ni kipimo kizuri kuliko duka lililo kimya.

Pili, linganisha kaske mbili au tatu kwa sauti ile ile na kwa kiasi kile kile. Usikubali muuzaji abadilishe wimbo. Ngoma inapendeza katika kaske yoyote. Maneno ndiyo yanayoumbua.

Tatu, tazama namna inavyokaa. Mto wa kaske uzunguke sikio lote bila kulikunja. Pakiwa na nafasi kati ya mto na ngozi, makelele yanaingia hapo. Msichana mwenye nywele zilizosukwa ajaribu akiwa nazo, kwa sababu msuko mnene chini ya mto unaacha mwanya. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye miwani. Lakini pia isibane mpaka aumwe kichwa. Aivae dakika tano wakati unaangalia vitu vingine.

Nne, soma maandishi ya boksi kwa akili. Utakuta imeandikwa 20 mpaka 20,000 Hz. Karibu kila kaske inaandikwa hivyo, ya maana na isiyo na maana, kwa hiyo namba hiyo haisaidii kuchagua. Namba ya kutazama ni ile ya Ohm. Kati ya 16 na 32 telefoni inaisukuma bila shida. Kaske ya Ohm 250 imetengenezwa kwa vyombo vya studio. Kwenye telefoni ya kawaida itasikika kwa unyonge.

Tano, tazama waya na mlango wa telefoni yako. Kaske ya waya haihitaji kuchajiwa, na pale umeme unapokatika siku mbili hilo ni jambo kubwa. Lakini telefoni nyingi mpya hazina tena tundu la mviringo. Hakikisha inaingia kabla ya kulipa. Pinda waya kidogo karibu na kichwa chake wakati sauti inacheza. Ikikatika na kurudi, haitafika Krismasi.

Na kama tayari mna kaske yenye besi nyingi nyumbani, usiitupe. Katika telefoni nyingi kuna sehemu ya kurekebisha sauti. Teremsha upande wa besi, zima kila kitu kinachoongeza besi, na uinue kidogo katikati. Haitakuwa kaske mpya, lakini maneno yatatoka nyuma ya ngoma.

Na kijana anayetaka muziki?

Atasema: mama, kaske hiyo haina utamu. Mjibuni kwa rumba. Mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo, kwa ombi la nchi zetu mbili za Kinshasa na Brazzaville, katika urithi wa wanadamu. Moyo wa rumba uko wapi? Uko katika sauti za waimbaji wanaopokezana, na katika magitaa yanayozungumza wakati wa sebene. Gitaa la Franco na sauti ya Mbilia Bel vinaishi hasa katika sauti za kati. Mwekee kijana wimbo wa rumba katika kaske mbili, aambie ni katika ipi anayasikia magitaa yakiwa mbalimbali, kila moja mahali pake. Besi ataikuta pia, imekaa mahali pake chini, haijakalia kiti cha wengine.

Kiasi na muda

Kaske nzuri haimlindi mtoto asiyepimiwa. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, karibu 15,000 katika kila sikio, zinazogeuza mtetemo kuwa habari kwa ubongo. Zikifa, hazioti tena. Hakuna sindano wala jani la kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Kwa watoto limeweka desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa mtu mzima, desibeli 90 ni kama saa 4 tu kwa juma zima. Desibeli 100 ni kama dakika 20. Nyumbani hatuna chombo cha kupima, basi tufuate kanuni ambayo OMS pia inaitumia: sauti isipite 60 katika 100 ya uwezo wa telefoni. Kwa kaske iliyofungwa, simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtoto. Ukiyasikia maneno ya somo waziwazi, sauti imezidi.

Baada ya saa moja, avue, masikio yapumzike, anywe maji, acheze. Asilale nayo. Barabarani haivaliwi kabisa: kaske inayozuia makelele inazuia pia honi ya pikipiki na sauti ya mtu anayeita. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na waya.

Alama za kuangalia ni hizi: mtoto anasema masikio yanalia, anauliza "nini?" mara kwa mara, anapandisha redio ambayo wengine wanaisikia vizuri. Hapo kaske inawekwa kando na mtoto anapelekwa kituo cha afya. Sikio linalotoa usaha lisivalishwe kaske mpaka lipone, wala lisimiminiwe mafuta. Sisi walimu tunawaona darasani watoto wanaoitwa kichwa ngumu. Wengine wao si wagumu wa kichwa hata kidogo. Hawasikii tu, na wanaona aibu kusema.

Kwa vikundi vyetu

Si kila nyumba inaweza kununua kaske yake. Kikundi kinaweza kununua moja au mbili nzuri kwa likelemba na kuzipanga kwa siku, wakianza na watoto walio karibu na mtihani. Mama mmoja achaguliwe kuichunga. Kabla ya kumpa mtoto mwingine, mito ipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha ikauke. Wamama wanaojifunza kusoma nao waitumie: ni rahisi kurudia herufi mara kumi wakati hakuna anayekusikiliza na kucheka.

Katika mkutano ujao jaribuni jambo hili. Kila mmoja alete kaske iliyo nyumbani kwake, ya thamani au ya kawaida. Rekodini maneno yale: taka, paka, kaka, pata, kata. Pitisheni kila kaske kichwani kwa mama watatu, sauti ikiwa nusu, watoto wakipiga kelele nje kama kawaida yao. Andikeni ni ipi iliyofikisha maneno yote. Huenda mtaona kwamba ile iliyoshinda si ile iliyong'aa kuliko zote.

Tukutane juma lijalo.